Kwapa la Msusi

Msusi hafanyi kazi kwa vidole tu. Mteja ameketi, wewe umesimama nyuma yake umeinua mikono, na kwapa lako liko karibu na pua yake kutwa nzima. Sikuwahi kuliwaza hilo nilipokuwa kwetu Suji, mlimani, ambako tulisukana tumevaa masweta. Nililijua niliposhuka Same mjini kusuka kwenye saluni ya mama mmoja, chini ya bati lisilo na dari.

Wateja walianza kunikwepa. Mmoja aliziba pua kwa ncha ya mtandio. Mwingine akasema atamsubiri mwenzangu, ingawa mwenzangu alikuwa na foleni. Nikanunua marashi, nikajipulizia hadi blauzi ikalowa. Kufika saa saba harufu mbili zilikuwa zimechanganyika, ikawa afadhali ya jana. Nikaanza kusuka nimebana viwiko mbavuni, na mistari ikapinda.

Aliyesema ukweli alikuwa mteja, mama wa makamo, muuguzi wa zahanati. Nilipommalizia nywele aliniita uani.

"Mwanangu, nikikwambia jambo hutanuna?"

"Niambie tu, mama." Machozi yalikuwa yameshanilenga.

"Unanuka kwapa. Usilie, hujalaaniwa. Ni bakteria, na kila mtu anao kwenye ngozi. Jasho likitoka tu halinuki. Wao wanalila, na wanachokibakiza ndicho kinachonuka. Kwapani wanastawi kwa sababu pana joto na unyevu."

"Lakini najipulizia marashi, mama."

"Umewapaka marashi hao bakteria, hujawapunguza."

Tukacheka wote wawili, mimi huku nafuta macho. Akanieleza nioge kwa sabuni asubuhi na jioni, nisugue kwapa, kisha nilikaushe kabisa kabla ya kuvaa. Ninyoe, maana nywele zinashika jasho. Niache blauzi za nailoni, nivae pamba. Na nikanunue shabu, lile jiwe jeupe linalofanana na barafu, nililoweshe na kulipitisha kwapani. Bakteria hawastawi palipopita shabu.

Kesho yake nikanyoa na kupaka shabu papo hapo. Nilirukaruka chumbani kama niliyekanyaga siafu! Nikajifunza kunyoa jioni na kusubiri ngozi itulie. Hata hivyo, wiki hiyohiyo harufu ikanirudia nikiwa kazini, na mwili nilikuwa nimeuosha vizuri. Nikavua blauzi chooni, nikainusa. Kumbe bakteria wamebaki kwenye nguo! Tangu hapo nikawa nazigeuza nguo nje ndani, naziloweka kwenye maji ya moto na sabuni, naanika kwenye jua la Same, ambalo halina mchezo. Zile za nailoni zikawa matambara ya kudekia.

Viwiko vikaachia mbavu. Mistari ikanyooka.

Halafu akaja bibi harusi kutoka Ndungu, na shangazi zake wamejaa benchi zima. Alitaka rasta nyembamba. Umeme ukakatika, feni zikasimama, saluni ikawa tanuri. Shangazi walijipepea kwa kanga. Mimi jasho lilinitiririka mgongoni, mikono juu, nasuka. Nilipofika upande wa kushoto nikahisi uzito ubavuni mwangu. Bibi harusi alikuwa amesinzia, kichwa kimeniegemea, pua yake kwapani pangu kabisa, anakoroma taratibu.

Mwenye saluni alikuja kutazama. Akainama karibu, akanusa, wala hakuficha.

"Wewe!" akasema, akipiga makofi. "Huyu amelala kama yuko kwao!"

Nilikuwa nimetabasamu hadi mashavu yanauma, na vidole vinakwenda vyenyewe.

Alipoamka nikampa kioo. Alijigeuza huku na huku, akazitikisa rasta, na shangazi zake wakapasua vigelegele hadi waendesha bodaboda wa barabarani wakachungulia. Kisha shangazi mkubwa akakalia kiti kilekile, akafungua kilemba.

"Na mimi," akasema. "Nisuke wewe, si mwingine."