Ruta Iliyolia Msibani

Nyinyi vijana mnaojifunza useremala, na nyinyi wasichana mnaoolewa kwenye nyumba za mafundi, kaeni mnisikie. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo, na niliyoyaona sitayameza.

Nakumbuka siku moja nikiwa msichana, kwetu Mabawe, tunalima maharage na bibi yangu. Likapigwa yowe la msiba ng'ambo ya bonde. Mimi nikainama nifute udongo kwenye jembe. Bibi akanigonga kwa mpini. "Weka hapo hapo! Mtu amekata roho, wewe unapamba chuma?" Kwetu ndivyo ilivyo. Yowe likisikika, kazi huachwa ilipofikia, na mpaka maiti azikwe jembe halilimi. Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu. Nami nikawafundisha wanangu hivyo hivyo.

Mwanangu Deo akawa seremala hapa nje ya Nyakanazi. Akanunua ruta. Kwa asiyeijua, ni mashine ya kuchonga urembo kwenye mbao, inayofungwa chini ya meza, kisu chake kimechomoza juu kupitia tundu, kifupi kama kidole gumba. Kikizunguka hukioni. Unaona kama ukungu mdogo juu ya meza, basi. Aliyemfundisha ni jirani yetu, mzee Ntabaye, fundi, mkali kuliko mimi.

"Mbao itoke kulia iende kushoto," alikuwa akimfokea, "ikutane na kisu uso kwa uso. Ukiipeleka kinakozungukia, kitakunyang'anya mbao, na mkono utaifuata. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Na usikate kina chote kwa mara moja. Una njaa gani?"

Asubuhi moja Deo anapiga urembo wa mlango wa mzee Ntabaye, umeme ukakatika. Akasimama kusubiri, swichi hakuigusa. Mara yowe: mzee Ntabaye amefariki. Deo akaacha kila kitu kilipo, kama nilivyomfundisha, akakimbia.

Mchana tulikuwa wote uani kwa marehemu. Hakuna jembe, hakuna kinu, hata mbuzi wamenyamaza. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi tu. Nikamtuma mkamwana wangu Veronika, mke wa Deo, akachote maranda karakanani kwa Deo tuwashie moto. Akaenda.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Katikati ya ukimya ule, ruta ikalia.

Watu wakageuza shingo. Ilikuwa sauti ile ile ya Ntabaye akiwa kazini. Ikapanda, kisha ikashuka, ikawa inaguna kama mtu anayekabwa koo. Mama mmoja jirani akajifunika uso.

"Asiende mtu! Mzee anamalizia mlango wake."

"Mzee nimemfunga kidevu kwa mkono huu," nikasema. "Amelala ndani. Nani anapiga mbao?"

"Ndiyo maana nasema usiende, mama Deo."

Hata Deo hakutoka pale uani. Nikaenda peke yangu.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Vumbi la mbao linaelea kwenye mwanga, na ndani ya vumbi nikaona mtu ameinama juu ya meza, kichwa chini, kama anasikiliza kitu kinachosema naye kutoka chini. Halii, hageuki. Ni Veronika. Alikuwa anakusanya maranda kwa mkono kuzunguka kisu, umeme ukarudi. Ncha ya kitenge alichokifunga shingoni ikanyakuliwa, ikajisokota, ikamvuta. Viganja vyote viwili ameviegemeza kwenye meza, anajisukuma nyuma. Kati ya koo lake na ule ukungu pangeingia kiganja tu.

Nikavuta plagi ukutani. Ikanyamaza. Kitenge nikakikata kwa mkasi.

Alama ya shingoni anayo hadi leo. Wenzake wakimuuliza, husema, "Mzee alinishika, mama akamwambia aniachie." Hucheka wote. Mimi sicheki.

Mwanangu, mambo ya mizimu sibishani nayo. Ila nakwambia, umeme uliokatika haujafa, umelala, na ukiamka hauulizi nani yuko mezani. Ukikatika, zima swichi, chomoa plagi. Kisu kibadilishwe plagi ikiwa nje. Kitenge, mikono mirefu na glovu visikaribie meza. Maranda yaondolewe kwa brashi, mashine ikiwa imechomolewa, si kwa kiganja. Asili tuishike, lakini bibi yangu alinifundisha jembe, na jembe halijawahi kuamka lenyewe.

Mungu awaachie vidole vyote mlivyozaliwa navyo, mje muwashike wajukuu kwa hivyo.

Siku tuliyomzika Ntabaye niliwaketisha watu wa nyumba yangu, Deo mbele, Veronika na shingo yake iliyovimba. Nikawaambia: "Yowe likipigwa, jembe litupeni. Ruta, chomoeni kwanza, ndipo mlie."