Abiria Aliyetaka Nionje Kwanza

Siku ya kwanza kazini nilipewa trei ya glasi zilizojaa maji na kuambiwa nitembee ndani ya ndege tupu, kutoka mbele hadi mkiani, bila kushika kiti. Nilimwaga. Msimamizi Mkuu wa Kabini, mama wa Mombasa aliyenukia udi tangu asubuhi, alinitazama. "Binti, abiria hajui kwamba leo ni siku yako ya kwanza, wala hatakiwi kujua." Nikarudia mpaka glasi zikafika salama. Mimi nilitoka Kithimani, na maji niliyozoea kubeba yalikuwa ya mtungi mgongoni.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Vijana wa hapa Machakos hudhani tulikuwa wagawaji wa soda tu. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa usalama: kukagua mikanda, kujua kufungua mlango wa dharura ukiwa umefumba macho. Lakini abiria hakupanda ndege kuja kutazama milango. Alitarajia kitambaa cha moto cha kufutia uso, salamu ya heshima, na kuulizwa kuku au nyama kana kwamba jiko zima ni lake. Wengine walitaka gazeti kabla hata hawajakaa. Niliwapenda, hata wale wasumbufu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya majaribio. Ukivunja kanuni moja, unafungasha virago. Na kanuni iliyokaziwa kuliko zote ni kwamba mhudumu hali wala hanywi mbele ya abiria, hata punje ya karanga.

Nikiwa katika majaribio hayo, alipanda mama mzee wa kwetu, anakwenda Ulaya kumwona binti yake aliyejifungua.

"Wakya?" alinisalimu kwa Kikamba.

"Aa, susu," nikamjibu, kama tunavyowajibu nyanya zetu.

Alifurahi akanishika mkono. Akaniambia amejidunga dawa yake ya sukari sasa hivi, na daktari amesema asikae bila kula. Nikamletea chakula chake kabla ya wengine. Akakitazama, akakisukuma.

"Wewe umekionja?"

"Hapana, susu. Kimepikwa Nairobi, kimefungwa vizuri."

"Sasa kama mwenye kupika amebaki Nairobi, mwenye nyumba hapa si ni wewe? Mimi nitakulaje kwa mtu hajaonja?"

Hakuwa na ubishi wa bure. Ndivyo alivyolelewa: mwenyeji huonja mbele ya mgeni, ndipo mgeni ale bila wasiwasi. Nilimbembeleza kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Nikamletea juisi, nayo akaikataa kwa sababu hiyo hiyo. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, vidole vikatetemeka. Nilipoinua macho, Msimamizi Mkuu alikuwa amesimama kando ya pazia, ananitazama.

Nilichukua kijiko nikaonja wali, nikanywa funda la juisi. Niliijua kanuni, na niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nikamletea kijiko kingine. Susu akanywa juisi yote, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Msimamizi aliniita jikoni. "Kanuni unaijua?"

"Naijua, mama. Lakini asingekula."

Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Tutazungumza tukitua." Safari yote iliyobaki nilihudumu huku nikiiaga kazi moyoni.

Tulipotua, mimi na Msimamizi tulisimama mlangoni kuwaaga abiria. Susu alifika kwetu akasimama, foleni nzima ikasimama nyuma yake. Akanitemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee wetu, akaniombea watoto na maisha marefu. Kisha akamgeukia Msimamizi.

"Huyu ni mtoto wako?"

Nilifumba macho. Msimamizi yule hakuvumilia doa hata la chai kwenye sare, na nilijua kinachofuata.

"Ni wangu," akajibu, akainamisha kichwa na kukisogeza kifua chake karibu na yule mzee.

Ninapoulizwa abiria wa enzi zetu walitaka nini, huwaambia wanangu kwamba walitaka kukuta wenyeji mle ndani. Nimeruka miaka mingi, nikawa msimamizi mimi mwenyewe, nikastaafu nikipendwa. Lakini kazi ile niliipata siku hiyo, pale mlangoni, kwa maneno mawili ya mama wa Mombasa mwenye mate ya mgeni kwenye sare yake.