Siku Tulipomlilia Mchuuzi wa Sabuni Uwanja wa Ndege

Naona haya hata kuandika, lakini nusu ya mtaa wetu wa Mikelenge walikuwapo na wanaisimulia vibaya zaidi, basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Arobaini ya mume wangu ilikuwa inakaribia, na kwa mila yetu wa kunivua nguo nyeusi za ujane ni wifi yangu Zaina, dada wa marehemu, aliyekimbilia Lubumbashi wakati wa vita asirudi tena. Asingekuja, ningebaki na nyeusi yangu. Kumpigia simu nilishindwa (siku ya msiba nilimpigia, tukalia wote wawili mpaka yuniti zikaisha), kwa hiyo nikaamua kumwandikia kwa kompyuta ya chama cha wakulima, ninakofanya kazi ya kupiga chapa barua, kwa anwani ya barua pepe aliyotupa miaka ile ya vita, ya kampuni alikokuwa karani.

Barua ikarudi papo hapo. Patrice, fundi wa kompyuta, akanieleza kwamba kabla barua haijatoka, mashine inauliza DNS, lile daftari la majina la intaneti, kama jina lililo nyuma ya alama ya @ lina mahali pa kupokelea barua, na lisipokuwa napo inaizuia.

"Njo maana inasema kule hakuna anayejibu, Mama Riziki. Pengine ile kampuni ilisha kufa."

"Mashini itamujua wifi yangu kunipita mimi? Toa hiyo kizuizi!"

Akacheka, akakitoa. Safari hii barua haikurudi, nami nikaenda nyumbani kifua mbele, na shemeji yangu Saidi alipouliza, "Zaina amekubali?" nikasema ndiyo (hakuna aliyenilazimisha), tena nikaongeza kwamba atashuka Jumamosi. Kumbe barua ilikuwa bado imekaa ndani ya mashine, inajaribu na kujaribu.

Jumamosi tukaenda uwanja wa ndege watu zaidi ya ishirini, wote wamevaa kitenge kimoja, mimi peke yangu na nyeusi yangu. Miaka mingi hatukumwona, basi alipotokea mama mnene mwenye kilemba, wanawake wote wakamrukia, "Uuuwi, kaka yako ametuacha!" nami nikamwangukia shingoni, nikalia kwa moyo wote, na yule mama akatupa mizigo, akalia kutupita sisi.

"Kaka yangu gani? Musa? Asubui tulisema naye!"

Alikuwa mchuuzi wa sabuni kutoka Goma.

Saidi akanigeukia. "Shemeji, si ulisema alikubali?"

Mbele ya familia, mbele ya wenye pikipiki waliokuwa wanashika mbavu kwa kucheka, nikakiri kwamba Zaina hakunijibu neno. Saidi akanipa simu yake. "Piga. Hapa hapa."

Nikapiga, machozi tele. Zaina akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi, mi nilikuwa nangoja tu uniambie siku. Minakuja."

Tukasogeza shughuli wiki moja, akaja, akanivua nyeusi kwa mikono yake. (Barua ilirudi Jumatatu, imeshindwa kabisa. Patrice alirudisha kizuizi chake bila kuniuliza.)

Nimeapa: sitasema tena "amekubali" kwa niaba ya mtu ambaye hajanijibu, na mashine ikiniambia upande wa pili hakuna mtu, nitanyamaza niisikilize.