Kosa ambalo Fundi Pyo alimwachia Mjapani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Pyo Tae-sik anafumba macho na kuweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya chuma baridi. Amevaa glavu nyembamba ya pamba, nyeupe, ya leo leo. Mkono unakwenda taratibu hadi mwisho wa chuma, unarudi, unasimama.

"Hapa," anasema.

Msimamizi wa zamu, Ok Mi-ryeong, anainama na tochi. Anamulika kulia, anamulika kushoto.

"Mimi sioni kitu, fundi."

"Ndiyo maana huoni. Unatumia macho."

Anachukua jiwe la kunolea, analipaka mafuta na kusugua mara sita. Jiwe linang'arisha chuma chote kinachozunguka, ila doa moja dogo kama punje ya mchele linabaki na giza. Ni bonde. Macho ya Mi-ryeong na tochi yake hayakuliona.

"Haya, nimeshindwa," anasema Mi-ryeong. "Siku moja utaniambia na nimekula nini asubuhi kwa kunigusa bega."

"Umekula tambi za pakiti. Hilo halihitaji glavu."

Chuma hicho ni kalibu, kina uzito wa tani kumi na mbili, na kazi yake ni kugandamiza bati mpaka liwe madigadi ya mbele ya gari. Kosa lililo kwenye kalibu huhamia kwenye kila madigadi, na kalibu moja hutoa madigadi laki tatu kabla ya kuchoka. Kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao ni kupapasa chuma na kukisugua mpaka kisiwe na la kuficha. Hapa Hyomun, mtaa wa karakana mjini Ulsan, Korea Kusini, waliobaki hawazidi kumi. Pyo, mwenye umri wa miaka sitini na sita, ndiye mkubwa wao.

Alianza mwaka 1980 kwa mshahara wa woni elfu tisini na sita kwa mwezi. Leo, baada ya kustaafu na kurudishwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, anapata woni milioni tatu na laki moja. Hiyo ni nusu ya alichokuwa akipata alipokuwa mkuu wa mafundi. Halalamiki. "Mikono inalipwa kwa umri wake," anasema.

Lakini Ijumaa hii hatakuwa kazini. Ameomba ruhusa ya siku tatu, ya kwanza tangu amzike mama yake. Anavuka bahari kwenda Japani kumwona mzee wa miaka tisini na moja, na kumkiria kosa ambalo yeye Pyo alilifanya mwaka 1984 na mzee huyo akafukuzwa kwalo.

"Nimechelewa miaka arobaini na mmoja," anasema. "Naomba tu nisichelewe na siku tatu hizi."

Mzee huyo anaitwa Kuwahata. Aliletwa Ulsan mwaka 1983 na Karakana ya Daeryun, hii hii ambayo Pyo angali anafanyia kazi. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na ndoto moja: gari lililoundwa hapa liuzwe Amerika. Wajapani walikuwa wameshafika huko zamani. Sisi tulichekwa. Milango ya magari yetu ilikuwa na nafasi za kupitisha kidole, na rangi ilicheza juani kama maji ya bwawa.

Mwenye karakana alipewa nafasi ya kutengeneza kalibu la madigadi ya gari hilo la Amerika. Hakuwa na fundi aliyejua kulimaliza. Akamtafuta Kuwahata, aliyekuwa ameacha kazi katika kiwanda kimoja kwao, akampangia chumba juu ya duka la mkaa.

Kuwahata alijua maneno machache ya Kikorea. Akiwafundisha alisema: "Mkono. Jicho hapana. Mkono." Kisha alimshika fundi kifundo cha mkono na kuuongoza juu ya chuma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Mafundi walimchukia. Pyo naye alikuwa na sababu ya kwake. Baba yake alichukuliwa mwaka 1943, Wajapani wakiitawala nchi yetu, akiwa na miaka kumi na tisa, akapelekwa kuchimba makaa ya mawe Japani. Alirudi na vidole saba. Aliposikia nani anamfundisha mwanawe, alisema, "Kazi yao jifunze. Urafiki wao waachie wenyewe."

Pyo alijifunza kazi. Anasema hakuna aliyejifunza upesi kama yeye, na wenzake hawabishi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi Oktoba. Binti yake wa kwanza, Eun-sol, alikuwa anatimiza siku mia. Kwetu, mtoto akifikisha siku mia hupikwa keki nyeupe za mchele, nazo hugawiwa watu mia moja ili maisha yake yawe marefu. Mkewe, Tak Bun-rye, alihesabu majirani, ndugu na mafundi wote. Akapata tisini na tisa.

"Nikamwambia, mpelekee na Mjapani," anakumbuka Bun-rye. "Akanuna kama mtoto. Nikamwambia, wewe nuna tu, lakini mwanangu haendi na tisini na tisa kwa sababu ya kununa kwako."

Pyo akaipeleka sahani ya keki, akaiweka mezani kwa Kuwahata, akaondoka.

Mchana ule alikuwa na haraka. Wageni walishaanza kufika nyumbani, na pembeni mwa tundu la taa kulibaki kazi ya saa tatu kwa jiwe. Akatazama huku na huku, akachukua mashine ya kusagia. Kuwahata alikuwa ameikataza isiguse kalibu hatua ya mwisho. Pyo alidhani dakika kumi zingetosha.

Zilipita dakika nne tu. Mashine iliruka mkononi na kuchimba mfereji wenye urefu wa kidole. Alifunika kalibu kwa turubai, akanawa, akaenda kumbeba bintiye mbele ya wageni.

Zilikuwa zimebaki siku nne kalibu lijaribiwe mbele ya watu wa kampuni kubwa.

Asubuhi yake mwenye karakana alivua turubai. Alipiga kelele mpaka wa karakana ya pili wakaja. Mafundi wote kumi na wanane wakasimama mstari mmoja.

"Nani?"

Kuwahata alisogea, akainama juu ya mfereji ule, akaugusa. Pyo anasema kila mkono una alama zake kwenye chuma, na mwalimu anazijua za wanafunzi wake wote. Kuwahata aliinua kichwa, akamtazama Pyo, kitambo kifupi tu. Kisha akasema neno moja.

"Mimi."

Hakuna aliyeuliza la pili. Mjapani kuharibu kalibu la gari la Amerika siku nne kabla ya majaribio! Kila mtu alikuwa analisubiri hilo na sasa limetokea. Ametumwa, walisema. Wamemtuma wenzake watuzuie. Mwenye karakana alimtupia koti lake uani. Siku ya pili Kuwahata alipanda treni ya Busan, bila mtu wa kumsindikiza.

"Nilikuwa mlangoni," anasema Pyo. "Alipita karibu yangu kama hapa na hapo. Nikatazama viatu vyangu."

Mafundi walijaza mfereji kwa kulehemu, wakasugua usiku na mchana kwa siku tatu, Pyo akiwaongoza, mkono, jicho hapana. Madigadi ya kwanza ilitoka safi. Kalibu likakubaliwa. Magari yakaenda Amerika, yakachekwa, yakarudi mezani kwa wachoraji, yakaenda tena, mpaka siku moja hakukuwa na wa kucheka. Kiwanda alichofanyia kazi Kuwahata ujana wake kimefungwa sasa. Naye Pyo, mwaka 1985, akapandishwa kuwa mkuu wa mafundi.

Na hadithi ikazaliwa. Kila Machi, wanagenzi wapya wa Daeryun husimuliwa jinsi Mjapani alivyotaka kuwazuia babu zao, na jinsi mafundi walivyomshinda kwa siku tatu bila kulala. Kwa miaka ishirini na miwili msimuliaji alikuwa Pyo mwenyewe.

"Mwanzo niliona haya. Baadaye nikazoea. Ubaya wa uongo ni huo, unauzoea. Nikawa nauongezea na chumvi."

Huenda angeendelea hivyo. Lakini mwaka jana, kwenye duka la supu ya nguruwe anakokula kila mchana, rafiki yake Maeng Du-ho alikumbuka mzaha wa zamani. Maeng alikuwa mchomeleaji wa Daeryun siku zile. Akasimulia, akicheka, kwamba siku ile ya keki Mjapani alimfuata na sahani, akamwuliza desturi inataka afanye nini.

"Nikamwambia, sahani ya mtoto hairudishwi tupu! Ukiirudisha tupu mtoto haishi!"

Ni kweli kwamba sahani ile hairudishwi tupu. Watu huweka uzi mrefu, au konzi ya mchele. Hilo la mtoto kutoishi Maeng alilitunga. Pyo aliweka kijiko chini: ndipo alipoona Kuwahata aliijaza sahani ile kwa nini, kwa lile neno lake moja, "Mimi". Hakumaliza supu.

Machi mwaka huu alisimama mbele ya wanagenzi thelathini na mmoja akawaambia ukweli. Ofisa wa mafunzo alimshukuru upesi na kuwatangazia watu muda wa chai.

Mchana wa leo, kwenye duka lile lile, Maeng bado amekasirika.

"Tulikuwa na hadithi moja nzuri katika maisha yetu, moja! Umeivunja."

"Haikuwa yetu, Maeng."

"Siku tatu sikulala! Macho yaliniwasha kwa moto wa kulehemu, mke wangu akanipaka viazi vibichi usoni vipoze. Hilo nalo uongo?"

"Hilo kweli. Lakini ulikuwa unaziba shimo langu."

"Sasa sikiliza, bwana we." Maeng anamwelekezea kijiti cha kulia chakula. "Mjapani alikuwa na sababu zake. Labda alikuwa amechoka anataka kwao. Hii ya sahani unajitesa bure. Mtu mzima hapotezi kazi kwa keki ya mchele."

Pyo anatoa barua mfukoni. Baada ya kustaafu alijiandikisha darasa la jioni la manispaa, akajifunza Kijapani miaka mitatu, safu ya mbele, na wanawake wanaopenda tamthilia za huko. Elimu ya jioni si elimu ndogo: barua aliyompelekea Kuwahata aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Aliyejibu ni binti wa mzee, Bi Fumie. Pyo anamsomea Maeng majibu hayo, neno kwa neno.

"Baba yu hai. Anasikia kwa shida. Nilipomsomea jina lako aliuliza kama mtoto yule alikua. Sikujua anamsema mtoto gani. Ukitaka kuja, usichelewe."

Maeng anatazama supu yake. Mwenye duka anapita na kimchi, kabichi ya pilipili, ya kuongeza, anaona nyuso zao, anageuka nayo.

"Mimi nilikuwa natania tu," anasema Maeng baadaye.

"Najua."

"Mwambie. Mwambie lile la mtoto kutoishi lilikuwa la kwangu."

"Njoo umwambie mwenyewe. Meli ina nafasi."

"Bahari inanitapisha," anasema Maeng, na kufuta macho kwa kitambaa cha mezani. "Pilipili ya leo kali."

Eun-sol, mtoto wa siku mia, ana miaka arobaini na mmoja. Ni muuguzi Daegu na ana watoto wawili. Alitaka kufuatana na baba yake. Pyo alikataa. Hataki kwenda amejificha nyuma ya binti, anasema. Amechukua picha ya binti tu, ili mzee akiuliza tena apate jibu.

Hajui atapokewaje. Barua haikusema amesamehewa. Imesema aje tu.

"Labda atanifukuza. Ni haki yake. Labda hatanikumbuka siku hiyo. Hilo ndilo ninaloliogopa, kuliko kufukuzwa. Nitakuwa nimefika, na yule niliye na deni lake hayupo tena ndani ya mwili wake."

Jioni, sebuleni kwake, Pyo anasogeza meza ukutani na kujaribu salamu anayotaka kuitoa: ile kubwa, ya magoti yote mawili na paji la uso juu ya mikono sakafuni, tunayowapa wazazi na walimu. Kuwahata hakuwahi kupewa salamu hiyo na mtu yeyote hapa Ulsan.

Anashuka goti moja, la pili linagoma. Miaka arobaini na mitano ya kupiga magoti juu ya saruji imeyamaliza. Anashika ukingo wa kochi, anashuka, anainama. Inachukua dakika nzima. Kisha anabaki pale.

"Baba Eun-sol," anaita mkewe kutoka jikoni. "Umelala au umekufa?"

"Najaribu."

Bun-rye anakuja akipangusa mikono, anamshika kwapani, anamvuta. Wote wawili wanahema.

"Umeona? Kushuka utashuka. Na kuinuka? Mimi sipo, Maeng hayupo. Atakuinua nani huko, mzee wa miaka tisini na moja?"

Pyo anakaa kwenye kochi na kusugua magoti.

"Nikishafika chini," anasema, "kuinuka si shauri langu tena. Atasema yeye."