Sweta Ambalo Hakulitaja

Fundi wa friji alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya mteja, hakuvunjika mfupa hata mmoja. Kilichopata taabu ni kichwa. Alirudi nyumbani akitembea vizuri, akila vizuri, akiwasalimia majirani kwa bashasha, ila mambo ya maisha yake yalikuwa yamechanika vipandevipande. Alimjua mkewe, fundi cherehani, lakini hakukumbuka walikutana wapi. Alijua ana kaka. Kwamba kaka huyo ameshafariki, hakujua.

Hilo ndilo lililomtesa mkewe.

"Kaka hajambo? Mbona haji?"

Akimwambia ukweli, mwanamume alilia kana kwamba ndiyo kwanza habari inamfikia. Kesho yake anauliza tena. Akishafuta machozi, swali lilikuwa lilelile: "Tulikuwa tumepatana?"

Hawakuwa wamepatana. Mama yao alipokufa mikononi mwa yule mkubwa, huyu mdogo alimlaumu mbele za watu kwamba alichelewa kumpeleka hospitali. Toka hapo wakanuniana mpaka mkubwa naye akazikwa. Mke alichoka kumwambia mume wake jambo hilo kila kukicha.

Kwa hiyo kliniki ya ubongo ilipowaita ili mume awekewe kidude cha kurudisha kumbukumbu nyuma ya sikio, alikubali upesi. Mtaani walikiita kijiwe, maana kilifanana na kokoto. Jirani yake hakuiacha nafasi hiyo ipite: "Wanaume wenzake huenda kijiweni. Wako wewe atatembea nacho!"

Mtaalamu wa kliniki, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo, alimweleza kazi iliyobaki. "Kijiwe lazima kilishwe, mama. Wewe keti hapa umsimulie maisha yake. Kitashona penye matundu."

Neno kushona lilimtuliza. Akakaa mchana baada ya mchana kwenye chumba cheupe, mume amelala, yeye anasimulia: nyumba yao ya kwanza iliyovuja, jinsi alivyomposa huku ana gundi vidoleni, watoto walioolewa mbali. Alipofika kwa kaka, alisimamisha masimulizi. Akamtazama mume wake, akasema, "Walipatana. Alikwenda kumwona wodini, wakapeana mikono." Akapita haraka kwenye jambo jingine.

Kijiwe kilifanya kazi kuliko walivyotegemea. Mwanamume aliamka na maisha yake yote, na zaidi. Akisikiliza friji inavyonguruma anajua ugonjwa wake kabla ya kushika bisibisi. Kitabu cha maelekezo alikisoma mara moja, basi, kimeingia. Hakuuliza tena habari za kaka. Mke akashusha pumzi.

Asubuhi moja, yeye yuko kwenye cherehani anapachika kola, mume akaanza kuongea huku anakunywa chai.

"Unajua siku ile wodini kaka alivyokuwa amekonda? Sweta lake la kijani limempwaya utadhani limetundikwa ukutani. Kiwiko kimetoboka. Nikamwambia nitakuletea wewe ulitie kiraka. Akacheka, akaniambia, 'Umenenepa, bwana mdogo.'"

Mguu wa mke ukaganda juu ya kikanyagio. Yeye hakutaja sweta. Hakutaja kicheko wala kunenepa. Alisema walipeana mikono tu.

Kabla hajajua la kufanya, mume alikwishampigia simu binti wa marehemu, mwalimu wa chekechea, ambaye tangu mazishi hakuwahi kukanyaga kwao. Binti akaja siku hiyohiyo. Akamsikiliza baba yake mdogo mwanzo mpaka mwisho, akamwegemea begani, akalia mpaka kilemba kikamlegea.

Jikoni, mke alimnong'oneza: "Mwanangu, baba yako alikuwa na sweta la kijani?"

"Lenye tundu kwenye kiwiko? Ndilo alilolazwa nalo, mama mdogo. Nililifua mwenyewe." Akajipangusa uso. "Kumbe alikuja! Na mimi miaka yote nilivyomchukia."

Mke akageukia sufuria, akakoroga maji matupu.

Alimrudia mtaalamu, akamweleza kila kitu bila kujitetea. Mtaalamu alivua miwani, akaivaa tena.

"Kijiwe hakitungi, mama. Kinavuta kilichomo. Ila huenda kilichomo ni sweta tu, alilomwona nalo siku nyingine, kikalipachika hapo."

"Kwa hiyo alikwenda au hakwenda?"

"Sijui. Na yeye hawezi kujua. Kwake zote ni kumbukumbu."

"Basi kitoeni hicho kipande."

"Nikivuta uzi huo, sijui utafumuka na nini. Halafu kichwa ni chake. Ruhusa itoke kwake, na atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini."

Akarudi nyumbani amejaa maneno mdomoni. Mume alikuwa barazani na mota ya friji mapajani. Akamwambia, moja kwa moja, asije akaghairi. Mume alisikiliza huku anazungusha nati ileile.

"Wewe ndiye uliyekiambia kijiwe tulipatana?"

"Mimi. Nilichoka kukuona unalia."

"Na sweta?"

"Sweta sikulisema."

"Basi nilikwenda."

"Ulikwenda lini? Mbona hukuniambia?"

Akamtazama kwa upole ambao ulimuumiza kuliko hasira. "Ningekuambiaje, mke wangu? Si ulisema nikikanyaga kule nisirudi humu ndani?"

Mke hakukumbuka kusema hivyo. Lakini siku zile alikuwa na hasira na shemeji yake kuliko hata mume wake, na alisema mengi. Alijipekua akilini, akakuta sauti yake mwenyewe ikitamka maneno yale vizuri kabisa. Je, ni sauti ya siku zile, au ni ya sasa hivi, aliyoitengeneza baada ya kuambiwa?

"Sina kinyongo," mume alisema. "Wala sitaki kifumuliwe chochote."

"Basi nisimulie," alimwomba. "Tangu ulipotoka hapa. Mimi nilikuwa nashona nini?"

"Mashati ya shule," akajibu bila kusita.

Hakukuwa na mwezi ambao hakushona mashati ya shule.

Jumamosi walikwenda kwa binti, mume amebeba kopo la gesi amtengenezee friji. Walipopita mbele ya hospitali, alimwonyesha geti. "Niliingia pale. Mlinzi akataka kunizuia." Mke akalitazama lile geti, na mlinzi aliyesinzia kwenye kiti, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwuliza kama alimpelekea kaka yake chochote siku ile, na alipoambiwa machungwa, akajikuta ameanza kuyaona.