Jino la Mwalimu wa Pangani

Nilimhusudu kabla sijamjua vizuri. Mimi nililetwa Tanga kukamilisha mafunzo ya uzamili katika tiba ya mizizi ya meno. Yeye alikuwa mganga msaidizi wa meno, hana shahada hata moja, na bado wagonjwa walijaa kwenye benchi wakimngoja yeye. Nilipojitokeza mlangoni mimi, walianza kutazama sakafu.

Hatimaye nikampata mgonjwa wangu: mwalimu wa kike kutoka Pangani, jino la mbele limeoza hadi mzizini. Alitaka litibiwe, lisingʼolewe.

"Wanafunzi watanipa jina," alisema, "na Pangani ukipewa jina unazikwa nalo."

Niliazimia kwamba jino hilo litaponea mikononi mwangu, si kwa mwingine.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Dawa ya hospitali ya kuulia bakteria mzizini ilikuwa imekwisha, tukawa tunatumia dawa ya kungʼarishia nguo iliyopenyezwa mpakani, upande wa Moa. Niliipima kwa bomba la sindano, nikaichanganya na maji kwa kipimo cha kitabuni, nikausafisha mzizi, nikauziba. Baada ya siku tatu mwalimu alirudi ufizi umevimba. Nikarudia yote, kipimo kilekile, kwa uangalifu zaidi. Akarudi tena, safari hii hajalala siku mbili.

Nilichambua kila hatua: ganzi, urefu wa mzizi, usafi wa vifaa. Sikukosa muda wa kufikiri. Nilikosa moyo wa kumuuliza mtu aliyekuwa hatua nne kutoka kwangu.

Mwalimu ndiye aliyemwita. "Kaka, hebu nawe nitazame."

Msaidizi hakuanza na mdomo. Alichukua chupa yangu, akatoa kipande cha kanga nyekundu kwenye droo, akakidondoshea matone mawili. Tukangoja. Wekundu haukupauka.

"Daktari, hii imekufa," alisema, kwa upole ulionikera kuliko tusi. "Imepigwa jua huko ilikotoka. Kupima umepima vizuri sana, ila umepima maji."

Mwalimu alicheka, kisha akashika shavu.

Msaidizi alizijaribu chupa zote za kabatini. Ya nne ikaacha doa jeupe. Akaichanganya, akampiga ganzi, akausafisha mzizi polepole, akibadilisha dawa mara nyingi na kuiacha ikae kila mara. Mwisho akaweka pamba ndogo yenye mafuta ya karafuu. Kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja na nazi mbili.

"Huna maumivu hata kidogo?" nilimuuliza.

"Hata kidogo, daktari."

Nikamuuliza tena, na nilipokuwa nikiuliza nilijigundua: nilikuwa natamani aseme yapo, madogo tu. Hakusema. Alichungulia nyuma yangu, na alipoona kiti cha msaidizi ki kitupu, akanikabidhi nazi zote mbili nimfikishie kaka.

Nikazifikisha.