Kutwa Si Kucha

Spesioza Niyokwizera wa Ulyankulu hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na waliojaribu waliondoka wamenuna. Kifafa kilimwanza akiwa tayari mke wa Ferdinandi, nacho kilikuwa na saa yake: alfajiri, jogoo wakiwika. Akapewa vidonge hospitali, akavinywa bila kukosa, na alfajiri akaanguka vilevile.

Mama mkwe akatoa hukumu. "Dawa imeshindwa. Moto wa bani usiuguse tena. Ukiona tabu, rudi kwenu."

Bani ndimo tumbaku yao ilimokaushwa, na kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kuutunza moto ule kama Spesioza. Kumwondoa pale ilikuwa kumwambia kwamba hana kazi tena duniani. Ilimuuma, ikamkasirisha zaidi.

"Kwetu ni hapa," akajibu, akapanda basi kwenda Tabora mjini. Huko akaingia duka la dawa la Nisha, mfamasia. Akambwagia vidonge mezani.

"Dada, hivi ni dawa au chokaa?"

"Unavinywaje, mama?"

"Kama walivyoandika. Kutwa mara tatu. Asubuhi, adhuhuri, alasiri. Jua likizama nimemaliza."

"Na usiku?"

"Usiku ni kucha, dada, si kutwa! Wangetaka usiku, wangeandika."

Nisha alitaka kucheka, akashindwa. Kwa Kiswahili, mama huyu alikuwa na haki yake.

"Dawa haikai mwilini, mama. Inatoka tumboni, inaingia kwenye damu, inafika kichwani. Wakati huohuo ini linaivunjavunja, na figo zinaitoa kwa mkojo. Ni mtungi unaovuja. Wako unakauka alfajiri. Itawanye: asubuhi, alasiri, na unapokwenda kulala. Usizidishe, usiruke, na kliniki uwaeleze."

"Kumbe mimi nalala, figo zinakesha," Spesioza akasema, akavikusanya vidonge vyake.

Msimu mwingine wa kukausha tumbaku ukafika. Alfajiri moja mama mkwe alimkuta mlangoni mwa bani na mzigo wa kuni, akamzibia njia.

"Shikamoo, mama. Nipishe."

"Marahaba. Na ukianguka?"

"Tangu nirudi kutoka mjini umenivizia kila alfajiri. Umeniona nikianguka?"

Mama mkwe akageuka kuutazama moto ndani ya bani.

"Basi nipishe, moto unazimika."

Akapisha shingo upande, lakini hakuondoka. Spesioza akapiga magoti, akachochea. Jogoo wakawika, wakawika tena, wakachoka wakanyamaza. Akainuka, akajikung'uta majivu, akaenda kuongeza kuni.